Kanula ya mbwa mwenye kisukari: kuitunza tangu inapoingia hadi inapotoka

Sukari ya mbwa aliyelazwa ikigoma kushuka, mkono wa kwanza usiende kwenye insulini. Uende kwenye bandeji. Ifungue, itazame ngozi iliyo chini yake, iguse, kisha ndipo uzungumze na daktari kuhusu dozi. Nasema hivi kwa sababu kanula, ule mrija mwembamba wa plastiki unaoingizwa mshipani, ikichomoka kwenye mshipa inaendelea kupokea dripu kama kawaida. Pampu haipigi kelele, chati inasoma vizuri, na insulini inajikusanya chini ya ngozi. Saa chache baadaye, mkiwa mmeshaongeza dozi, ile iliyojikusanya nayo inaanza kuingia mwilini, na mbwa aliyekuwa na sukari nyingi mno anaanza kutetemeka kwa kukosa sukari.

Mwongozo huu ni wa wauguzi wa wanyama, wanafunzi walio wodini, na madaktari wanaobaki peke yao zamu ya usiku. Hauchukui nafasi ya maagizo ya daktari anayemtibu mbwa.

Kwa nini mbwa huyu ni tofauti

Mbwa wa kisukari mara nyingi halazwi kwa kisukari peke yake. Analazwa kwa sababu mwili umekosa insulini ukaanza kuchoma mafuta, ketoni (mabaki ya mafuta hayo) zimejaa na damu imekuwa na tindikali. Au kongosho limevimba. Au amekuja kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Vena zake zimenywea kwa upungufu wa maji. Sukari ikiwa juu, chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu hulegea kazini. Anakojoa mara kwa mara, na mkojo wake una sukari, kwa hiyo kila kilicholowa ni shamba la bakteria. Wengine wana ugonjwa wa Cushing pia, ambapo mwili una homoni ya kortisoli kupita kiasi: ngozi yao ni nyembamba kiasi kwamba plasta ikivutwa kwa haraka inaondoka nayo, na damu yao ina tabia ya kuganda upesi.

Ongeza na kile tunachompitishia mshipani: insulini, potasiamu, fosfeti, na deksitrosi, yaani sukari ya kupitishwa mshipani. Kila kimoja kina madhara yake kikipita kasi au kikimwagika nje ya mshipa.

Namkumbuka jike mmoja mdogo aliyelazwa kwa ketoni. Siku ya tatu alikuwa anaendelea vizuri: sukari imeshuka taratibu, ameacha kutapika, amelamba chakula kidogo. Jioni akanuna, akalaza kichwa, joto likapanda hadi nyuzi 40. Tulisikiliza mapafu, tukapima mkojo, tukawaza kongosho. Kwenye chati, kila baada ya saa 4, kulikuwa na maneno mawili: "kanula nzuri". Mwandiko wa zamu mbili kati ya hizo ulikuwa wangu. Nilipofungua bandeji nilikuta plasta ya ndani imelowa, nywele zimeshikana, na tone la usaha mahali kanula inapoingilia ngozini. Juu yake mshipa ulikuwa mgumu kama uzi wa kamba. Niliandika "nzuri" kwa kuwa dripu ilikuwa inapita. Alipona, lakini alikaa wodini siku nne zaidi, kwa antibayotiki ambazo hakupaswa kuzihitaji.

Hatua ya 1: Chagua mguu kwa kutazama mbwa anachafukia wapi

Wengi wetu tunakimbilia mguu wa mbele kwa mazoea. Simama kwanza umtazame. Anatapika na kutokwa na mate? Miguu ya mbele italowa kila saa, kwani atalaza kidevu juu yake. Anakojoa bila kuinuka, au anaharisha? Basi vena ya safena ya mguu wa nyuma si mahali pazuri, na kwa jike ndiyo mbaya zaidi. Anafanya yote mawili? Hapo zungumza mapema na daktari kuhusu mrija mrefu wa vena ya jugula shingoni, ambao utatoa pia damu ya vipimo bila kumchoma upya kila mara. Mrija huo hauwekwi kwa mbwa mwenye tatizo la damu kutoganda, na kwa yule ambaye damu yake huganda kupita kiasi daktari atapima kwanza faida na hatari zake.

Kama unabaki na mguu wa mbele, anza chini, mbali na kiwiko. Kanula iliyo karibu na kiungo huziba kila mbwa anapojikunja kulala, pampu inalia usiku kucha, na mwishowe mtu aliyechoka anaizima sauti. Ukianza chini unabaki na akiba ya mshipa juu yake. Mbwa huyu anaweza kuhitaji kanula tatu au nne kabla ya kwenda nyumbani. Kila mahali unapochoma ovyo leo ni mahali utakapopatamani kesho.

Ukiweza, weka mbili siku ya kwanza, wakati kuna watu wa kukusaidia kumshika. Moja ikiharibika saa tisa usiku, insulini haitasimama.

Hatua ya 2: Safisha kama vile unaingia upasuaji

Nyoa eneo pana, vidole vitatu vinne kila upande wa utakapochoma, na nywele ndefu za nyuma ya mguu pia. Hizo ndizo hugeuka na kuingia chini ya plasta. Tumia mashine yenye meno makali na safi. Mikwaruzo ya mashine butu ni milango ya vijidudu uliyoifungua wewe mwenyewe.

Nawa mikono, vaa glovu. Sugua ngozi kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) ya 2% ukibadilisha gozi mpaka gozi itoke nyeupe, na dawa ikae kwenye ngozi dakika mbili au tatu. Malizia na spiriti, uache ikauke yenyewe. Hapa ndipo tunapodanganyana sana: mbwa anahangaika, mshikaji amechoka, tunapangusa mara moja na kuchoma. Ukishasafisha usiguse tena kwa kidole kuutafuta mshipa. Ukigusa, safisha upya.

Kanula ya geji 20 au 22 inatosha mbwa wengi; geji ni kipimo cha unene, na namba ikiwa kubwa kanula ni nyembamba. Geji 18 kwa wakubwa, geji 24 kwa wadogo kabisa. Ikiwa iliwekwa kwa dharura mbwa akiwa amezimia na hapakuwa na nafasi ya kusafisha, iandike hivyo kwenye chati na ibadilishwe mara mbwa anapotulia, isipite siku nzima. Hiyo si lawama kwa aliyeiweka. Alifanya kilichotakiwa kwa wakati ule.

Hatua ya 3: Funga ili iweze kufunguliwa

Bandeji nzuri ni ile unayoweza kuifungua kila siku bila kuing'oa kanula. Plasta ya kwanza ishike kichwa cha kanula chenyewe, izunguke mguu bila kubana. Weka gozi tasa mahali inapoingia, au kifuniko cha plastiki angavu kama kipo. Kisha pamba laini nyembamba, kisha bandeji ya kujishika. Unganisha kiungio kifupi cha T (kipande cha mrija chenye umbo la herufi T) na ukishikize kwa plasta kivyake, ili mbwa akivuta mrija, mvuto uishie kwenye plasta usifike kwenye kanula.

Acha vidole viwili vya kati vya mguu vionekane. Kucha zake zikianza kuachana, mguu unavimba na bandeji inabana. Hata kabla hujauona uvimbe wenyewe, kucha zitakuambia. Linganisha na mguu wa pili kila mara. Pachika kidole chako kati ya bandeji na mguu: kisipoingia, legeza.

Kwa mbwa mwenye ngozi nyembamba ya Cushing, punguza plasta kwenye ngozi kadiri unavyoweza, na siku ya kuitoa ilowanishe kwanza.

Andika juu ya bandeji kwa kalamu isiyofutika: tarehe, saa, geji, jina la aliyeweka. Andika hivyohivyo kwenye chati. Bandeji isiyo na tarehe haina mwenyewe.

Hatua ya 4: Panga mirija kabla haijakuchanganya

Insulini iwe na njia yake. Mchanganyiko unaotumika sana kwa mbwa ni yuniti 2.2 za insulini ya muda mfupi kwa kila kilo ya uzito, ndani ya mililita 250 za maji ya chumvi ya 0.9%, ukianza kwa mililita 10 kwa saa. Insulini hung'ang'ania kuta za plastiki, kwa hiyo mililita 50 za kwanza hupitishwa kwenye mrija na kumwagwa kabla ya kuunganishwa kwa mbwa. Usipofanya hivyo, saa za kwanza mbwa anapata maji ya chumvi tu, na wewe unajiuliza kwa nini sukari imesimama palepale.

Kama mbwa ana kanula moja, unganisha insulini karibu kabisa na mshipa. Kipande cha mrija ambamo insulini na maji mengine vinapita pamoja kiwe kifupi, kwa sababu ukiongeza kasi ya maji, insulini iliyo njiani inasukumwa nayo yote. Bandika lebo kwenye kila mrija sehemu mbili: karibu na pampu na karibu na mbwa.

Deksitrosi huongezwa kwenye maji pale sukari inaposhuka chini ya 250 mg/dl, yaani karibu 14 mmol/l, ili insulini iendelee kuondoa ketoni bila sukari kuporomoka. Kupata 2.5% weka mililita 50 za deksitrosi ya 50% kwenye lita moja ya maji. Kupata 5% weka mililita 100. Toa kwanza kiasi hichohicho cha maji kwenye chupa, kisha ichanganye kwa kuigeuzageuza. Usipochanganya, dawa nzito inakaa chini na ndiyo inayoingia mshipani mwanzo.

Zaidi ya 5% usiipitishe kwenye vena ndogo za miguu kwa muda mrefu; inazichoma kutoka ndani. Deksitrosi ya 50% yenyewe isiingie mguuni bila kuchanganywa na maji, hata kwa dharura. Sukari ikiporomoka, ichanganye sehemu moja na sehemu mbili hadi nne za maji ya chumvi, isukumwe polepole, na mshipa utazamwe wakati wote. Najua mbwa anayetetemeka hukimbiza mikono. Sekunde 30 za kuchanganya zinaokoa mguu.

Chupa yenye insulini au deksitrosi ibadilishwe kila saa 24 hata ikibaki nusu.

Hatua ya 5: Kila saa 4, tazama na uguse

Hii ndiyo kazi yenyewe.

Mbwa wengi wa kisukari hawaoni. Mtoto wa jicho amewafunga macho, na wodi kwao ni kelele na mikono inayotokea popote. Sema naye kabla hujafungua kizimba, mwite jina, weka mkono begani kwanza kisha uuteremshe hadi mguuni. Ukimshtua atauvuta mguu, na kanula itasogea.

Anza na vidole: ni vya moto, vya kawaida, au vya baridi? Kucha zimeachana? Panda juu ya bandeji na upapase mshipa kuelekea kiwiko. Mshipa mzuri ni laini, unabonyea. Ukiwa mgumu kama kamba, wa moto, au mbwa akigeuza kichwa kukuangalia unapobonyeza, hiyo kanula imemaliza kazi yake. Papasa na chini ya kwapa kama uvimbe umepanda.

Kisha gusa viungio kwa kidole chenye glovu safi. Vikinata, deksitrosi inavuja. Mnato huo mdogo nimeuthamini kuliko kengele yoyote ya pampu, kwani pampu haijui kuvuja; inajua kuziba tu. Nusa bandeji. Harufu ya mkojo, matapishi au uchachu inatosha kuifanya ibadilishwe hapohapo, hata kama ilifungwa saa moja iliyopita.

Angalau mara moja kila saa 24 fungua hadi kwenye ngozi. Tafuta wekundu, unyevu, usaha, uvimbe, ngozi iliyopauka, kanula iliyotoka nje milimita kadhaa. Safisha mahali inapoingilia kwa klorheksidini, acha pakauke, weka gozi mpya tasa. Kanula iliyotoka nje kidogo usiirudishe ndani. Sehemu hiyo imeshaonja hewa ya wodi.

Kwenye chati usiandike "nzuri". Andika ulichokiona: "ngozi kavu, haina wekundu, mshipa laini, vidole sawa, imesukumwa mililita 3 bila ugumu". Atakayekupokea zamu atajua kilichobadilika.

Joto la mwili lipimwe kila baada ya saa 4 hadi 6. Kawaida ya mbwa ni kama nyuzi 38 hadi 39.2. Homa mpya kwa mbwa aliyekuwa anapata nafuu ni ya kanula mpaka uthibitishe vinginevyo.

Hatua ya 6: Kusukuma maji, na lini usisukume

Kanula isiyotumika kwa wakati huo isukumwe maji ya chumvi kila saa 4 hadi 6. Kwa mbwa, maji ya chumvi matupu yamefanya kazi sawa na yale yaliyotiwa heparini, kwa hiyo hakuna haja ya kuongeza dawa nyingine kwa mnyama ambaye tayari anapewa nyingi. Sugua mdomo wa kiungio kwa spiriti ya 70% kwa sekunde 15, uache ukauke, kisha sukuma mililita 1 hadi 3 kwa vipindi: sukuma, simama, sukuma. Funga klipu huku bado unasukuma, ili damu isirudi kwenye ncha na kuganda.

Maji ya kusukumia yachukuliwe mapya kwa kila mbwa. Ile chupa moja inayoning'inia ukutani ikichomwa sindano na kila mtu kutwa nzima inaweza kumwambukiza kila aliyelazwa.

Ukikuta ugumu, usitumie nguvu. Nyoosha mguu, angalia kama mrija umejikunja, jaribu kuvuta taratibu. Damu iliyoganda ukiisukuma haiyeyuki; inakwenda mahali kwingine.

Na hapa naomba uangalifu wote: usisukume maji nyuma ya insulini. Chukua mbwa wa kilo 10. Ana yuniti 22 kwenye mililita 250, na kwa mililita 10 kwa saa anapata karibu yuniti 0.9 kila saa. Mrija wenye mililita 5 una yuniti 0.44. Ukisukuma hapo, umempa dozi ya nusu saa kwa sekunde tano. Kama njia ya insulini imeziba, simamisha pampu, tenganisha karibu na kanula, vuta kilichomo kwenye kiungio ukimwage, ndipo ujaribu na maji ya chumvi. Vivyo hivyo kwa mrija wenye potasiamu: kasi yake haipaswi kuvuka 0.5 mEq (milikwivalenti, kipimo cha potasiamu) kwa kilo kwa saa, na mkono wenye haraka hauna kipimo. Baada ya kizuizi chochote kufunguka, pima sukari ndani ya saa moja hata kama ratiba haijafika.

Hatua ya 7: Pima sukari bila kuimaliza mishipa

Mbwa aliye kwenye dripu ya insulini hupimwa sukari kila saa 1 hadi 2. Ukichoma vena kila mara, kesho hutapata mahali pa kanula. Tone la ukingo wa sikio, au la upande wa ndani wa mdomo, linatosha kwa glukomita, yaani mashine ya kupima sukari, iliyotengenezewa mbwa. Kihisi cha kubandika ngozini kinasaidia sana usiku, ila kwa mbwa aliyepungukiwa maji mno au sukari inayobadilika kasi, thibitisha kwa damu.

Ngozi iwe kavu. Kama ametoka kupakwa deksitrosi kwenye fizi, au glovu zako zimegusa kile kiungio kinachonata, kipimo kitapanda bila sababu. Badili glovu.

Damu ya vipimo vikubwa ichukuliwe mguu usio na dripu. Ukitumia mrija wa shingoni, simamisha kwanza dripu zote zinazopita humo. Deksitrosi inayopita mlango wa jirani itakudanganya. Vuta mililita chache za mwanzo, chukua sampuli kwa sirinji nyingine, kisha sukuma maji ya chumvi. Kwa mbwa mdogo, damu ya mwanzo ikiwa imebaki safi kwenye sirinji tasa hurudishwa, kwani mililita tatu mara kumi na mbili kwa siku ni damu nyingi kwake.

Tarajia sukari ishuke kama 50 hadi 75 mg/dl kwa saa. Isiposhuka, au ikipanda ghafla, rudi kwenye bandeji.

Kumtoa nje kukojoa

Atahitaji kutoka mara nyingi, na kila unapotenganisha mrija unafungua mlango. Ukiweza, toka naye na pampu ya betri, mrija ukiwa umeunganishwa. Ukilazimika kutenganisha, tenganisha kwenye kiungio cha T, funga pande zote mbili kwa vifuniko vipya tasa, na vaa glovu. Mrija uliodondoka sakafuni hautafutwi kwa spiriti na kurudishwa. Ni wa kutupwa.

Funika mguu kwa mfuko safi akiwa nje, na uutoe mara anaporudi. Mfuko ulioachwa unafungia jasho na unyevu ndani. Kizimbani weka pedi za kunyonya mkojo juu ya godoro lenye matundu, zibadilishwe kila zinapolowa. Mbwa asiyeweza kuinuka ageuzwe kila saa 4, na kila unapomgeuza, mguu wenye kanula uwe juu au mbele ukionekana, usilaliwe.

Akianza kulamba bandeji, jiulize inamuuma wapi kabla hujamvalisha kola ya koni. Mara nyingi anakuonyesha kitu. Itazame, kisha mvalishe.

Ikiharibika

Mguu ukivimba juu ya kanula, simamisha pampu. Kama kilichokuwa kinapita ni deksitrosi nzito au potasiamu, usiing'oe mara moja: vuta kwa sirinji kinachoweza kutoka, kisha itoe, na mjulishe daktari. Weka kanula mpya mguu mwingine kabla ya kufikiria kitu kingine, kwa sababu insulini imesimama. Mwambie daktari pia umekadiria insulini kiasi gani imemwagika chini ya ngozi, na pima sukari kila nusu saa hadi saa moja kwa saa kadhaa zinazofuata.

Mshipa uliovimba bila usaha unapata nafuu kwa kitambaa cha uvuguvugu dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Kukiwa na usaha au homa, kata ncha ya kanula kwa mkasi tasa, itie kwenye chombo tasa, na damu ichukuliwe mshipa mwingine kwa ajili ya kuotesha vijidudu, kabla antibayotiki haijaanza.

Ukikuta mbwa ameing'ata, kusanya vipande na uvipime. Kikikosekana kipande, funga mpira wa kubana sehemu ya juu ya mguu mara hiyo hiyo na uite daktari; kipande kinaweza kuwa mshipani, na picha ya eksirei hufuata.

Ikae siku ngapi?

Wodi nyingi zina kanuni ya saa 72, nyingine 96. Mimi naipenda kanuni kama ukumbusho, lakini siiamini kama ulinzi. Kanula ya saa 20 iliyolowa mkojo itolewe leo. Ya siku ya tano iliyo kavu, isiyouma, yenye mshipa laini, kwa mbwa ambaye vena zake zimeisha, daktari anaweza kuamua ibaki kwa sharti kwamba inafunguliwa na kutazamwa kila siku. Mbwa mwenye sukari iliyo juu siku zote namhesabia saa kwa ukali zaidi. Na isiyo na kazi itoke. Mbwa akishaanza kula, kunywa, na insulini imehamia kuchomwa chini ya ngozi, kanula ya "huenda tukaihitaji" iwe na sababu iliyoandikwa.

Kuitoa

Lowanisha plasta, ifungue taratibu, usikate kwa mkasi kuelekea kanula. Itoe moja kwa moja, bonyeza kwa gozi kavu dakika 2 hadi 5. Itazame ncha: iko nzima, urefu ni uleule? Weka bandeji nyepesi na uitoe ndani ya saa moja. Iliyosahaulika imeshavimbisha miguu mingi.

Mshipa unaweza kuvimba siku moja au mbili baada ya kanula kutoka. Wenye mbwa wanapokuja kumchukua, chukua kidole cha mmoja wao ukipitishe pale ulipokuwa, ajue ulaini wa leo ukoje. Mwambie apapase asubuhi na jioni kwa siku tatu, wakati uleule anapomchoma insulini, na arudi akikuta pagumu, pa moto, au mbwa akiuvuta mguu.